Jina Nililolifuma Bila Kulijua

Sweta ya mtumba ikifumuliwa inanuka. Ukivuta uzi, jasho la mtu aliyeivaa huko ng'ambo linatoka pamoja na nywele zake, na vyote vinakushika vidoleni. Nimenusa jasho la watu nisiowajua miaka kumi na sita hapa Makongeni, ili watu wa mume wangu wavae kitu kipya Krismasi.

Sokoni Gikomba nachagua kwa kugeuza nguo ndani nje. Mshono wa ubavuni ukiwa wa mashine ya ovaloki naacha, maana uzi utatoka vipande vipande. Nataka ile iliyounganishwa kwa mkono. Naifumua, naosha uzi, nauanika nikiwa nimeufungia chupa ya maji chini ili mikunjo inyooke, kisha nafuma upya kwa spoku mbili za baiskeli nilizozinoa kwenye saruji.

Mwaka jana, mwezi wa nane, wifi yangu Lorine alikuja kutoka Donholm. Ni dada yake Javan, mume wangu, na ndiye mwenye gari katika familia. Alisema mama yao anatimiza miaka themanini, na Krismasi anataka wote wapigwe picha nyumbani kwao Kimilili wakiwa na sweta nyekundu, kila mtu na jina lake kifuani. Alileta mfuko wa kamba, kila kamba kipimo cha mtu mmoja, na kila kamba ilikuwa na karatasi ya daftari la hesabu. Viboksi vilivyopakwa rangi ndivyo jina. Nihesabu tu, akasema, boksi moja kitanzi kimoja. Alijua sijasoma. Hata haya, ni binti yangu Nekesa anayeandika nikisema.

Nilikubali kwa sababu moja. Tangu niolewe sijaonyeshwa mahali pa kujenga kwao. Kila Krismasi mimi na Nekesa tunalala jikoni kwa mama mkwe, kama wapita njia walionyeshewa na mvua. Wanasema Javan hana mtoto wa kiume, sasa hiyo nyumba amjengee nani. Lorine aliniapia kwamba mwaka huu, siku hiyohiyo ya picha, mama atatuonyesha mahali petu. Nilikitaka kiwanja hicho kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Nilifuma kumi na moja. Nilifuma nikiuza mboga, nikingoja maharagwe yaive, nikiumwa na jino. Nilipouliza mbona karatasi yangu na ya Nekesa hazimo, Lorine alisema atazileta baadaye. Nilipouliza kamba ile fupi ni ya nani, alisema ni ya mtoto wa jirani wa mama, na mama anampenda sana. Nikatafuta uzi laini kuliko wote. Nilikuwa naujaribu kwenye shavu langu kuona kama unawasha.

Javan huendesha lori la kwenda Malaba, na hapa nyumbani hulala siku mbili kwa mwezi. Alinikuta na ile sweta ndogo mapajani. Nilimuuliza kama itamtosha huyo mtoto wa jirani. Aliishika, akaipima mikono, akasema niongeze kidogo, watoto wa umri huo wanakua haraka. Nikaongeza.

Shule zilipofungwa, Nekesa alikuta sweta zimepangwa kitandani. Akaanza kuzisoma kwa sauti huku akicheka, Lorine, Javan, Wakoli. Halafu akasimama.

"Asenath ni nani?"

Nilimwambia ni binamu ya baba yake. Ndivyo Lorine alivyosema. Akaokota ile ndogo.

"Na hii?"

"Ya mtoto wa jirani."

"Mama, imeandikwa Wabwire. Hilo si jina la babu?"

Wabwire ni baba yake Javan, tuliyemzika miaka mitano iliyopita. Kwao jina la marehemu halipewi mtoto wa jirani. Linapewa mjukuu wa damu, wa ukoo. Watoto wa Lorine ni wa ukoo wa mume wake, na Wakoli ni mume huyo. Mzee alizaa mtoto wa kiume mmoja tu, naye ni Javan. Nilienda kwenye karo la maji nikaosha shavu kwa sabuni ya kufulia. Niliosha mara mbili.

Jumamosi Lorine alikuja kuchukua mzigo. Nilimpa ile ndogo, nikamwambia anisomee.

"Ai, Mama Nekesa, si ni jina tu."

"Soma."

Alisoma polepole kama mtoto wa nasari. Nilimuuliza mtoto ana miaka mingapi, akasema atafikisha minne mwezi wa pili. Nilimuuliza kuhusu Asenath, akaangalia viatu vyake. Walidhani Javan alishaniambia, akasema. Mama aliwaonyesha yeye na Javan mahali pa kujenga tangu Pasaka. Mabati ya nyumba yao yalikuwa yameshapanda. Nikamuuliza neno moja lililobaki.

"Mbona mkanipa mimi nifume?"

"Wifi, hakuna mtu anafuma kama wewe. Na mama alitaka zifanane."

Alilisema kama ananisifu. Hata tabasamu alitoa. Nimeona mengi katika mitaro ya mtaa huu, lakini sijawahi kuona kitu kichafu kama meno yale.

Nilimwachia ya mtoto. Kimilili asubuhi ina baridi ya mlima, na katika watu wote wa boma lile ni yeye peke yake hajawahi kunidanganya. Zile kumi nilizikalia pale kitandani. Lorine alisimama mlangoni akinieleza kuhusu mpiga picha aliyeshapangwa, kuhusu mama mzee atakavyoaibika mbele ya watu. Nilimwambia wapigwe picha na nguo walizo nazo. Alipochoka akaondoka.

Jumatatu niligawa. Niliwachagulia vizuri. Ya Lorine nilimpa Njoki anayekaanga samaki, na kila asubuhi anawatoa matumbo akiwa ameivaa. Ya Asenath aliichukua Nzisa, jirani yangu wa ukuta, akamtandikia kuku anayeatamia. Ya Javan nilimpa Musyoka wa makaa.

Javan alikuja katikati ya Januari. Alimkuta Musyoka hapo kwenye kona akijaza makaa mkebeni, jina kifuani limeshakuwa jeusi, mtu hawezi tena kujua kama uzi ulikuwa mwekundu. Aliingia akaniuliza kama hiyo ndiyo heshima ninayompa mbele ya watu. Nilikuwa nakata sukuma wiki, nikaendelea kukata. Nekesa ndiye aliyemwonyesha baba yake begi nililomfungia nguo zake, nje, kando ya mtaro, mahali lilipokuwa tangu asubuhi.