Chai Aliyopika Kipkurui

Nakumbuka, mwanangu, Jumapili moja ambayo kanisa letu liliomba kwa muda mrefu kuliko kawaida, na baada ya maombi hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka nje. Ilikuwa miaka ya tisini, upande wetu wa Litein, wakati mvua imenyesha vizuri na majani ya chai ni mengi mashambani. Tulikuwa tumemwombea Kipkurui. Alikuwa jirani yetu, mchumaji mwepesi wa mikono, mpaka pombe ya chang'aa ilipomshinda. Watu walifanya harambee, akapelekwa mbali kutibiwa, na sasa habari zilikuwa zimefika kwamba anarudi.

Mzee arap Tonui, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, aliuliza jambo moja tu.

"Atalala wapi?"

Kila mtu alijua kwa nini anauliza. Mama yake Kipkurui, aliyekaa ng'ambo ya mto, alikuwa mjane, na alikuwa akipika chang'aa na kuiuzia ndani ya nyumba ileile aliyomzalia mtoto wake. Pombe hiyo ndiyo iliyomlisha Kipkurui akiwa mdogo, na ndiyo iliyokaribia kumuua. Watu wakatazama viatu vyao. Kuomba tulikuwa tumeomba, na kutoa tulikuwa tumetoa, lakini kitanda ni kitu kingine.

Mimi nilikuwa na nyumba yangu ndogo, ile ambayo kwetu kijana akishatoka jandoni hujengewa kando ya nyumba ya wazazi. Shule niliiachia darasa la saba, na nilikuwa na haya sana, hata kusalimia watu kwangu ilikuwa kazi. Mzee akanigeukia.

"Kijana, kwako si kuna nafasi ya kitanda kingine?"

Sikujibu. Kwa kuwa sikujibu, ilichukuliwa kwamba nimekubali.

Kipkurui alipofika, watu walikuja kumwona. Sisemi walikuwa watu wabaya. Ningependa ulielewe hilo kabla sijaendelea. Walikuja na mkate, na blanketi, na chai ndani ya themosi, na vikombe vyao wenyewe, ili wasitusumbue. Lakini mtu alipomsalimia alimshika mkono akamvuta karibu kidogo, na pua ikatangulia. Mama mmoja wa kanisa, Mama Chepkoech, alikuwa na namna yake.

"Kipkurui, mwanangu, unaendelea?"

"Naendelea, mama."

"Hebu sema kwa nguvu nikusikie."

Masikio yake yalikuwa mazima. Alitaka kusikia harufu ya pumzi.

Mwanzoni Kipkurui alicheka. Aliniambia, "Mimi nimekuwa kama mtihani wa darasa la nane, kila mtu anasahihisha." Baadaye akaacha kucheka. Wageni wakija alikaa kwenye ukingo wa kitanda kama mgonjwa, akapewa chai, akaambiwa ajikaze, wakafunga themosi zao wakaenda. Mimi nilikaa pembeni nisiseme lolote, na nadhani hiyo ndiyo sababu aliweza kunivumilia.

Alasiri moja nilirudi kutoka kupeleka majani kwenye kituo cha kupimia nikamkuta anatia nguo zake kwenye gunia.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani. Kule hawaninusi."

"Lakini kule…"

"Najua kule kuna nini. Nimezaliwa kule."

Nilisimama mlangoni nikiwa bado na kikapu mgongoni. Wote wawili tulijua kwamba akivuka mto kurudi kwa mama yake, matibabu yale yote yatakuwa yamekwenda bure, na pengine naye pia. Nyuma yangu nikasikia, "Chamgei," salamu yetu ya Kikipsigis, na Mzee arap Tonui akainama kuingia. Nyuma yake alikuwa Mama Chepkoech na themosi yake.

Tulikuwa na kiti kimoja. Mama akakikalia. Mzee akatazama huku na huku, kisha akaketi juu ya lile gunia la nguo.

Kipkurui akashtuka. "Mzee, hapo si pazuri. Kaa hapa kitandani."

"Hapa ni laini," mzee akasema. "Nimepanda mlima wote huu. Nipikie chai."

"Mzee, chai si hii hapa," Mama Chepkoech akasema, "tena ingali moto."

"Hiyo ni yako, mama. Nitakuja kuinywa kwako. Leo nimekuja kwa hawa vijana."

Kuni zilikuwepo na majani ya chai yalikuwepo. Kipkurui akasema hatuna maziwa.

"Kwani umehamia mahali pasipo na ng'ombe?"

Kipkurui akachukua kikombe akatoka. Mama yangu alinisimulia baadaye jinsi alivyomwona akija, mtu ambaye zamani akionekana uani watu waliingiza sufuria ndani zisije zikauzwa. Alijiandaa kumnyima chochote atakachoomba. Kipkurui akasimama mlangoni pa jiko akasema, "Mama, nina mgeni." Mama yangu alijaza kikombe bila kuuliza kitu, kisha akamwita arudi achukue na sukari.

Kipkurui akarudi, akawasha moto, akabandika sufuria. Maziwa mengine yalimwagikia mafiga, na nyumba ikajaa moshi mpaka Mama Chepkoech akajifuta macho kwa leso. Mzee alipewa kikombe chake. Akanywa taratibu.

"Imeshika moshi," akasema. Halafu akanyoosha kikombe. "Ongeza."

Tulicheka sote, na Kipkurui akacheka. Mama Chepkoech alisukuma themosi yake chini ya kiti kwa mguu, naye akapokea kikombe. Mzee alikaa pale hadi sufuria ikaisha, akizungumza habari za ng'ombe wake aliyekataa kukamuliwa na mtu yeyote isipokuwa yeye. Alipoondoka, gunia lilikuwa limelala kama mkate uliokaliwa. Kipkurui alilitazama kidogo, akatoa nguo zake moja moja, akazikunja.

Mpaka leo sijui kama mzee alijua amekalia nini. Ninachojua ni kwamba Jumapili iliyofuata aliwaambia watu kanisani: "Mkienda kwa Kipkurui, nendeni mikono mitupu. Kaeni mpaka awape chai."

Sitakudanganya kwamba mambo yaliishia hapo. Krismasi ya mwaka ule alikunywa. Hakulala nyumbani, nami nilijua ameshavuka mto. Asubuhi nilifungua mlango nikamkuta amesimama nje, suruali imejaa matope, haingii wala haendi. Hakwenda kujificha kwa mama yake, ambako angepewa nyingine. Alikuwa amerudi kwake. Nikamwambia, "Maziwa yapo."

Akaingia, akawasha moto.

Hakunywa tena. Alikaa nami mpaka alipojenga nyumba yake, na baada yake walikilalia kitanda kile wengine waliotoka kutibiwa. Si wote walioshinda. Lakini kila mmoja wao alinipikia chai.

Basi, mwanangu, ninalokuomba ni hili. Mtu wa kwenu akitoka kutibiwa, usidhani kazi imekwisha kwa sababu harambee imekwisha. Uliza atalala wapi, na ikiwezekana, alale kwako. Kisha usimfanye mgonjwa wako wa kudumu. Mwache awe na mlango wake, na jiko lake, na wewe uwe mgeni wake. Akianguka, akute mlango haujafungwa.

Mungu akujalie nyumba yenye nafasi ya kitanda kimoja zaidi, na ng'ombe asiyekauka maziwa, na moyo wa kunywa chai iliyoshika moshi na kuomba uongezewe.