Mwisho wa Wimbo Nilioupata Kwenye Kinu

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini wimbo ukikosa mwisho nitajua. Na wimbo wa harusi ya mjukuu wangu haukuwa na mwisho.

Mjukuu alikuwa anaolewa Mikumi, kwa watu wenye gari na makochi ya ngozi. Alitaka muziki wa kukodi. Nikamwambia hapana, kwaya yetu ya akina mama wa Mabwerebwere itamwingiza ukumbini kwa wimbo mpya, wa kwake peke yake. Akakubali shingo upande. "Ila bibi," akasema, "usije ukaniaibisha mbele ya wakwe." Nikamwambia akapike chai.

Wimbo alitutungia mwalimu wetu wa kwaya. Wiki moja kabla ya harusi akapata kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga huko Magole, akaondoka, na simu haipatikani. Alituachia daftari la maneno, na kwenye simu ya katibu wetu sauti yake akiimba tuni kwa "la la la". Ubeti upo. Kiitikio kinafika katikati, anakohoa, anasema "subirini," basi. Katibu akashauri tukiimbe na kikohozi, huenda ndiyo mtindo wa sasa. Nikamwambia anyamaze.

Halafu maneno yenyewe yalikuwa mengi kuliko tuni. "Bwana harusi uliyejaliwa hekima na busara tele" ilitakiwa iingie penye "la la" mbili. Sauti ya kwanza walikuwa wameshamaliza, sauti ya pili bado wapo kwenye hekima. Mama mmoja mnene akakaa chini, akasema yeye ana presha, wimbo huu utamuua kabla hajala pilau.

Nikalichukua daftari nikaenda nalo nyumbani. Mimi maneno nayapima kwa kinu. Natwanga huku naimba. Mchi ukitua kabla neno halijaisha, neno ni refu, natoa. Siku ile nilitwanga mahindi debe zima. Hekima ikatoka. Busara ikatoka. Bwana harusi akabaki "mwema" tu, na hata hiyo nilimkopesha, maana alikuwa bado hajajaribiwa. Nilipofika pale pa kikohozi sikusimama, niliendelea kutwanga, na mwisho ukaja wenyewe, ukashuka sawasawa na mchi. Nikamshukuru Mungu. Kwaya nayo ikaushika mara moja, hasa wazee. Sikujiuliza kwa nini wazee tu.

Jumamosi mchana, ukumbi wa Mikumi umejaa. Mjukuu kasimama mlangoni, shela mpaka chini, kamshika mume wake mkono. Tukaanza. Ubeti wa kwanza, safi. Kiitikio, tukafika kwenye ule mwisho wangu. Mabibi watatu wa upande wa wakwe, waliokuwa wamekaa kimya na soda zao, wakainuka kama wamechomwa sindano. Wakaitikia, lakini si maneno yetu:

"Anakula, halimi!
Mpeni jembe tumwone!"

Ndipo nikaukumbuka. Bibi zetu walituimbia wimbo huo tulipowekwa ndani kufundwa. Siku ya mwali kutolewa anachekwa nao mchumba wake, naye haruhusiwi kukaa mpaka alime mbele za watu. Kumbe sikutunga kitu.

Nikawapungia kwaya mkono waache. Nani aache? Nusu yao walishahamia kwa wale mabibi, na yule wa presha ndiye aliyekuwa mbele, anakata kiuno. Emsii akauliza kwenye kipaza sauti, "Bibi, hii ipo kwenye ratiba?" Mjukuu akanitazama kwa jicho ambalo sikulipenda.

Bibi mmoja wa wakwe akamsogelea bwana harusi, ambaye ni mjukuu wake. "Hukai, mume wangu. Lima kwanza."

"Bibi, jembe nitalitoa wapi humu?"

"Ina maana umeoa bila jembe?"

Ukumbi ukacheka. Kijana wa watu akavua koti, akampa mke wake alishike, akaenda jikoni, akarudi na dekio la kupigia deki. Akaanza kulima vigae, tuta kwa tuta, kuelekea meza kuu. Mabibi nyuma yake wanakagua.

"Tuta limepinda hilo!"

"Na magugu umeyaachia nani?"

Akarudi nyuma, akanyoosha tuta.

Mimi nilikuwa namtazama mjukuu tu. Amesimama na koti mkononi, kidevu kinamtetemeka. Nikajua sasa analia, na mimi nitarudi Mabwerebwere kwa miguu. Kumbe alikuwa amebana kicheko. Kikamtoka. Akakunja shela kiunoni, akanyakua kitambaa mezani, akaenda kumfuta mume wake jasho. Halafu akamwonyesha kwa kidole: "Na pale bado."

Vigelegele vilirindima. Beti zetu zilizobaki hakuna aliyeziulizia.

Baada ya chakula mjukuu akaja nilipokaa, akapiga goti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Umeniaibisha."

"Ndiyo."

"Mama mkwe anauliza kama mnaweza kuja tena Jumamosi ijayo. Anaolewa binti wa dada yake. Anasema bwana harusi wa huko ni mvivu kweli, si wa kuigiza."

Nikamwambia tutakuja, ila jembe watafute wao.