Kete Laini za Orleen Gittens

Orleen Gittens alizaliwa na jicho la kushuku, na hadi anazeeka hakupata wa kumtibu. Chupa ya ramu aliyolowekea zabibu za keki ya Krismasi aliitia alama ya penseli pale ramu ilipofikia, na nyumbani aliishi peke yake. Muuza samaki akimwambia samaki ni wa leo, alimnusa samaki kwanza, kisha akamnusa na muuzaji. Hapa Checker Hall, kijiji chetu cha kisiwani, mtu mmoja tu aliponyoka jicho hilo, naye ni Verona Yearwood. Walikaa dawati moja shuleni, wakaolewa mwaka mmoja, wakazika waume zao kwenye makaburi jirani. Verona alikuwa na ufunguo wa mlango wa Orleen. Kwa mtu kama yule, kumpa mwenzake ufunguo ni zaidi ya kumrithisha shamba.

Basi Verona alipoanza kumfunga kila Jumamosi kwenye Scrabble, ule mchezo wa kupanga maneno kwa kete za herufi, Orleen alipata shida kweli.

Walicheza kwenye ukumbi wa kanisa, na walikuwa na desturi yao ambayo watu wa parokia nyingine waliicheka. Ukiweka neno, ulitaje herufi kwa herufi kwa sauti, kisha useme maana yake. Kanuni za mchezo hazitaki hivyo. Aliianzisha mwalimu mmoja, sasa marehemu, aliyechoshwa na watu kupanga maneno kama kasuku. Yeye alikwenda zake, desturi ikabaki.

Zamani Verona alipenda maneno marefu ya kujionyesha. Sasa aliweka vijineno tu, vya Q na Z, vile vinavyokomba pointi.

"Q, A, T," alisema Jumamosi moja. "Qat. Miraa hiyo, wanatafuna watu wa Yemeni." Zamu yake iliporudi: "Z, O. Zo. Ng'ombe chotara wa milima ya Himalaya."

"Huyo ng'ombe ulimwona wapi?" Orleen aliuliza.

"Ulipomwona wewe yule *ai* wako wa juzi."

"Ai ni mnyama mvivu, anakaa juu ya miti. Yuko Brazili, kila mtu anajua!"

"Na zo wangu yuko Nepali, shoga. Andika pointi, acha maneno."

Watu walicheka. Orleen hakucheka, maana alikuwa ameona kitu. Verona alikuwa akitazama dirishani, kwenye mshelisheli, huku kidole gumba chake kikipita juu ya kete zake moja baada ya moja, taratibu. Kete za klabu zilikuwa za mbao, za kale, herufi zimechongwa ndani. Orleen alirudi nyumbani, akafumba macho, akapapasa kete zake mwenyewe, za mbao kama zile. Z aliijua mara moja. Anayeweza kuisoma kete iliyo mbele yake kwa kidole, atashindwaje kuisoma ndani ya mfuko wa kuchotea na kujichagulia?

Tangu hapo kila kitu kilikuwa ushahidi. Verona aliacha kuoka mkate wake wa nazi, akaanza kuleta wa dukani. Orleen akasema dhamiri imemfunga mikono. Walipishana barabarani, Verona akapita bila salamu. Orleen akasema mwizi hawezi kukutazama usoni. Kulikosa kombe la mchezo la parokia hakukumuuma sana. Kilichomkosesha raha ni kwamba kama Verona anaiba, basi maisha yake yote hakuwa na rafiki, na ufunguo wa nyumba yake uko mkononi mwa mtu asiyemjua. Akamwita fundi, akabadilisha kitasa. Hakumwambia mtu.

Kisha akamwandikia dada yake aliyeko Toronto. Pipa la Krismasi, lile la zawadi ambalo dada alituma kila mwaka, lilipofika, katikati ya sabuni na nyama za makopo mlikuwa na kete mpya za plastiki, laini kama ukucha, herufi zimechapwa tu juu. Kidole hakisomi kitu hapo.

"Sista Gittens, umetufaa kweli," alisema Bwana Holder, mwenyekiti wa klabu, akizimimina kwenye mfuko wa kuchotea.

"Kwa ajili ya wote," alisema Orleen, akakaa mbele ya Verona.

Verona alichota kete zake, akazipanga. Kidole kilipita. Kikarudi. Kikapita tena.

"Hizi hazijaandikwa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Zimeandikwa vizuri sana," alijibu Orleen, kwa sauti ya askari aliyemkuta mwizi dirishani. Furaha ilimpanda mpaka kooni, furaha mbaya.

Verona aliinua kete moja karibu na pua, akaigeuzia shingo kama kuku anayetazama punje. Akaweka tatu. "S, U, Q. Suq. Soko la Waarabu."

Ubaoni palikuwa na S, U na O.

Bwana Holder alicheka. "Sista Yearwood, miwani umeiacha jikoni?"

Verona aliweka mikono mapajani. "Orleen, niambie. Nimeweka nini?"

Hapo Orleen alielewa, na ile furaha ikaisha. Alimshika mkono, akamtoa nje, wakaketi kwenye ngazi.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua. Katikati kumeingia giza, naona pembeni tu. Mnapoyataja maneno, nayapanga kichwani. Nikimwambia mwanangu atakuja kunichukua, anipeleke Brooklyn nikakae ghorofani kama kasuku kwenye tundu. Sitaki."

"Na mimi ulishindwa kuniambia?"

"Wewe ulikuwa umeninunia. Sikujua nimekukosea nini."

Orleen alitaka kunyamaza, lakini jicho lake lilikuwa lile lile. "Na zile Z zote?"

"Bahati, mwenzangu. Hata mimi siku moja moja Mungu ananikumbuka." Verona alicheka kidogo, kisha akaacha. "Unajua nilijua lini kwamba mambo yamekwisha? Wiki iliyopita nilikuja kwako na maboga, hukuwepo. Nikahangaika na ufunguo pale mlangoni mpaka nikalia. Nikasema, Verona, hata tundu la kitasa sasa huwezi kulipata."

Orleen alifungua mkoba. Alitoa ufunguo mpya, akauweka kwenye kiganja cha Verona na kumkunja vidole, akitumaini asiulizwe kitu.

Kidole gumba cha Verona kilipita kwenye meno ya ufunguo, taratibu, mara moja tu.

"Huu si ule," alisema.