Shingo za Shaba Mezani Kwetu

Mume wangu alikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha mikate huko Etobicoke, magharibi mwa Toronto. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mkate wa Jumatatu haupishani na mkate wa Ijumaa, kwa uzito wala kwa kimo. Akirudi nyumbani alimkuta mke asiyepima chumvi, binti anayeelewa Kiswahili lakini anajibu kwa Kiingereza, na chapati ambazo, kwa maneno yake mwenyewe, kila moja ilikuwa na ramani ya nchi yake. Tuliishi hivyo kwa amani miaka kadhaa. Kisha akapata mahali pa kuupeleka ugonjwa wake wa kulinganisha vitu.

Mahali penyewe palikuwa uwanja wa kulenga shabaha, mwendo mrefu wa gari kaskazini ya Toronto. Aliyempeleka ni mwenzake wa kazini, mzee wa Kireno aliyekuwa fundi wa matanuri pale kiwandani. Mume wangu alirudi jioni ile bega limevilia damu, lakini ana uso wa mtu aliyegongewa viza.

"Mama watoto," aliniambia hata kabla hajavua viatu, "kuna watu pale wanapitisha risasi tano kwenye tundu moja."

"Tundu moja linatosha kufanyia nini?"

Alikwenda kuoga.

Hapa Kanada bunduki haiji hivi hivi. Alisoma kozi, akafanya mtihani, akajaza maombi, na siku moja mimi ndiye niliyepigiwa simu na ofisi ya leseni. Mwanamke mwenye sauti ya upole aliniuliza kama nitajisikia salama kukiwa na bunduki nyumbani. Nikasema naam. Akaniuliza kama mume wangu ana hasira.

Nilifikiri kwa uaminifu. "Hukasirika chapati zikipishana ukubwa," nikasema.

Nikamsikia anaandika. "Na akikasirika hufanya nini?"

"Huzipanga upya. Kubwa chini, ndogo juu."

Leseni ilitoka. Bunduki ikaja na kabati lake la chuma lenye kufuli, ikafungiwa chumbani. Nilidhani tumemaliza. Kumbe bunduki ilikuwa kisingizio tu. Kilichokuja kukaa nasi ni maganda.

Yule Mreno alimwambia kwamba risasi za dukani ni kama mikate ya dukani, zimetengenezwa zimfae kila mtu. Anayetaka usahihi hujaza zake mwenyewe: huokota maganda yake matupu, huyasafisha, hutia kiwashio kipya na baruti iliyopimwa, kisha hupachika kichwa cha risasi. Basi meza yetu ya chakula ikafungwa mashine ya mkono, nzito kama ya kusagia nyama, na kando yake mzani mdogo kuliko sahani ya chai. Sisi tukahamia kochini kula.

Ugonjwa wenyewe hasa ulikuwa shingoni. Alinieleza hivi. Risasi ikilipuka, ganda la shaba hutanuka na kuchukua umbo la chumba cha bunduki ile ile, pale risasi inapokaa. Wengi hulibana ganda zima lirudie umbo la kiwandani. Yeye alibana shingo peke yake, pale pembamba panaposhika kichwa cha risasi, na mwili akauacha ulivyo.

"Kiatu kikishaujua mguu wako," alisema, "utampelekea fundi akikaze chote? Si unafunga kamba tu?"

"Nimeelewa."

"Sasa, kamba zote lazima zikazwe sawa. Moja ikikaza zaidi, risasi inachelewa kutoka. Ikilegea, inawahi. Na hapo shabaha imekwisha."

Sikujua kwamba nimeshaajiriwa. Yeye alivuta mkono wa mashine, mimi nikashika kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, nikamsomea unene wa kila shingo. Zilizolingana zilikaa kushoto. Zilizopishana kwa kiasi ambacho jicho la binadamu haliwezi kukiona ziliwekwa kulia, na alizitazama kama anavyotazama mkate ulioporomoka katikati. Binti yetu alipita akielekea kwenye friji, akasema kwa Kiingereza kwamba wazazi wa wenzake wanatazama televisheni.

Lazima nikiri kwamba nilizipenda jioni zile. Kwa miaka mingi shifti zetu zilikuwa zinapishana mlangoni. Mimi naingia, yeye anatoka. Tangu tulipofika nchi hii hatukuwa tumewahi kukaa meza moja muda mrefu namna ile, tukizungumza, hata kama mazungumzo yenyewe yalikuwa juu ya shingo.

Kisha akagundua kwamba shaba ikitanuliwa na kubanwa mara nyingi hukakamaa, na shingo iliyokakamaa haimtii tena mwenye kuibana. Dawa yake ni kuipasha moto kidogo, ncha tu, mpaka rangi ianze kugeuka, kisha kuiacha. Alijaribu kibarazani, lakini ilikuwa Februari na upepo wa ghorofa ya kumi na moja ulikuwa unazima moto wake. Jumapili moja mchana akaingia jikoni, akashusha mapazia ili aione rangi vizuri, akawasha kijitochi chake cha gesi. Maganda matupu yaliyopashwa aliyadondosha kwenye taulo lililoloweshwa maji.

Taulo lilikuwa limeloweshwa upande mmoja tu. Yeye, mpima shingo, hakulipima taulo.

Nilikuwa chumbani nikasikia harufu. Nilipotoka, taulo lilikuwa kwenye sinki linafuka, na mume wangu, badala ya kufungua dirisha, alikuwa amefungua mlango wa nje ili moshi upate pa kwenda. Ukaenda. Ukafika kwenye korido, na king'ora cha jengo zima kikalia.

Tulishuka kwa ngazi na majirani wote, wengine na blanketi, mmoja na kasuku kwenye tundu lake. Tukasimama kwenye theluji tukiwangoja zimamoto. Jirani yetu wa ukutani, bibi wa Kihindi wa Kiismailia aliyezaliwa Mwanza na kuongea Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, alitusogelea akiwa amevaa koti juu ya gauni la kulalia.

"Mmeunguza nini, wanangu?"

Niliona mume wangu anaipima hali. Kusema kweli mbele ya jengo zima, kwamba jikoni alikuwa na moto, maganda ya risasi na pazia limeshushwa, hakukufaa. Akasema, "Samaki, bibi."

"Nani alikuwa anakaanga?"

Akanitazama. Bibi naye akanitazama. Na majirani wote waliojua neno moja la Kiswahili walikuwa sasa wamejua mawili, la pili likiwa samaki.

Zimamoto waliona taulo kwenye sinki, wakaambiwa samaki, wakasema tuwe waangalifu na mafuta. Msimamizi wa jengo alibandika tangazo kwenye lifti juu ya mapishi ya kukaanga. Na keshoye bibi alibisha mlango akiwa na sangara wawili kwenye mfuko, amekuja kunifundisha. Nilikuwa nakaanga samaki tangu sijaota meno ya ukubwani. Nilisimama jikoni kwangu nikafundishwa jinsi ya kugeuza, huku mume wangu ameinamia gazeti kochini, mabega yanamcheza kwa kicheko.

"Cheka tu," nilimwambia bibi alipoondoka. "Hayo maganda yako hayapashwi tena hapa."

"Sawa, mama."

"Na mashindano ya kiangazi nakuja. Nataka kuona hilo tundu."

Nilikwenda kweli. Asubuhi haikuwa na upepo. Mume wangu alilala nyuma ya bunduki yake, nami nikakaa nyuma ya kamba na yule mzee wa Kireno, masikio tumeyaziba. Alipiga risasi tano, taratibu, kama mtu anayeweka mayai kapuni. Mzee alikuwa anatazama kwa darubini. Baada ya risasi ya tano aliishusha, akafanya ishara ya msalaba.

Karatasi ya shabaha ililetwa kwa mwamuzi. Katikati palikuwa na tundu moja, limechanika kidogo pembeni, unaweza kulifunika kwa kidole gumba. Mwamuzi aliigeuza karatasi mbele na nyuma, akaielekeza kwenye jua.

"Naziona tatu," alisema.

"Ni tano," akasema mume wangu.

"Inawezekana. Lakini nahesabu ninachokiona. Mbili pengine zilipita nje ya karatasi."

Mzee wa Kireno alipandisha sauti. Mimi nikasogea nikasema nilizisikia zote tano. Mwamuzi akanijibu kwa adabu kabisa, "Bibi, masikio hayatoi pointi."

Kikombe kilichukuliwa na muuza magari mmoja aliyepiga na risasi za dukani. Matundu yake yalikuwa yametawanyika kama watu kwenye kituo cha basi, lakini yalihesabika, yote matano, na hata mtoto angeyahesabu.

Nilingoja mume wangu akasirike. Aliipokea karatasi yake, akaikunja kwa uangalifu, akampongeza muuza magari, akaiweka bunduki kwenye mkoba na kuufunga. Tulipoingia barabara kuu kurudi mjini, magari yakaanza kubanana, nami nikamshika goti.

"Unasikitika?"

"Hapana," akasema. "Nafikiria." Akabadilisha njia, akaliacha lori lipite. "Unaonaje, mwakani nizitawanye kidogo?"

Nilimtazama kuona kama anatania. Alikuwa ameshaanza kupiga hesabu.