Chuchu za Dume la Baba Otis

Makombo ya hoteli yakichemshwa kwenye pipa, ugali wa jana, maganda ya viazi na kabeji iliyokata tamaa, harufu yake hunikuta popote hapa Huruma na miguu yangu huanza kuwasha. Mimi hata nikiwa mtoto sikujua kutulia. Shosh, mamake baba, alifuga nguruwe nyuma ya ploti yetu, na mimi kazi yangu ilikuwa kuzungukazunguka nikisumbua kila mwenye miguu, miwili au minne.

Rafiki yangu wa kweli alikuwa Ciku, nguruwe jike aliyezaliwa palepale. Ndiye pekee ambaye hakuwahi kuniambia nikae chini. Sasa Ciku alizaa mara ya kwanza, vitoto vinne tu. Manze, aibu! Mamake alikuwa akizaa mpaka tunakosa pa kukanyaga. Vitoto vilipoacha kunyonya, mchinjaji akaitwa. Akaja na kamba.

"Huyu ni mvivu," akasema jirani yetu Baba Otis, mwenye dume lililomzaa Ciku. "Mamake alikuwa anamwaga watoto. Huyu sijui ametoa wapi hizi tabia."

Dume lake lilikuwa refu, jekundu, lenye maringo ya mtu aliyenyolewa leo. Mimi nilikuwa nimelala kwa tumbo, nikilichungulia chini ya mbao za banda.

"Shosh! Mbona hili dume liko na chuchu? Na mbona ni chache kama za Ciku?"

Walicheka mpaka mchinjaji akaangusha kamba. "Liulize hunyonyesha saa ngapi!" akasema.

Mama peke yake hakucheka. Alishika ndoo yake, akasema polepole kama anaongea nayo, "Kwani Ciku hana baba?"

Shosh akageuka. Akamtazama Mama. Kisha, na magoti yake yale mabovu, akainama akachungulia dume.

"Okota kamba yako uende, baba," akamwambia mchinjaji. "Ciku habebwi. Na wewe Baba Otis, dume lako lisikanyage hapa tena."

"Heh! Shosh! Limekukosea nini?"

Nilirukaruka jioni nzima nikijua nimemwokoa rafiki yangu. Ciku mwenyewe hakuwahi kuzaa wengi. Lakini binti yake, aliyezaliwa na dume fulani lenye sura mbaya ambalo Shosh alilichagua kwa kuinama kwanza na kuhesabu chuchu, alikuja kutujazia banda.

Juzi mwalimu wa biolojia akatuambia kwamba dume hazai, lakini uzazi wa mabinti zake umo ndani yake pia. Nilicheka kwa sauti, nikatolewa nje. Nikawa natembea huku na huku kwenye korido.

Nilikumbuka jamaa za Baba waliokuwa wakija Jumapili. "Mwingine anakuja lini?" walimuuliza Mama kila mara, kwa maana ni mimi tu. Baba, pale pembeni akimalizia chapati, hakuulizwa kitu. Na Baba mwenyewe ni mtoto wa pekee wa Shosh.

Baada ya siku ile ya Ciku, mgeni akifungua mdomo tu amgeukie Mama, Shosh alikuwa tayari na birika, anamjazia kikombe mpaka kinamwagika. Mimi nilidhani Shosh anapenda sana kugawa chai.