Laini Niliyoielekeza Stoo

Wiki iliyopita binti yangu alitaka awe anaifikia kompyuta yake ya nyumbani, hapa Mbeya, hata akiwa safarini. Tukakaa mbele ya ruta nikamwambia asiogope, si jambo gumu. Kwa mtu wa nje, nyumba yako ina namba moja tu. Ndani mna vyombo vingi. Mgeni akibisha, ruta haijui anamtaka nani, basi inamwacha nje. Kazi yako ni kuiambia: atakayekuja kwa mlango wa namba hii, mpeleke kwenye kompyuta ile. Kwanza ipe kompyuta anwani isiyobadilika. Kisha andika namba ya mlango. Kisha ujaribu ukiwa nje ya nyumba.

"Baba, haya umejifunzia wapi?"

"Kwenye swichibodi," nikamjibu. Sikuendelea, kwa sababu yanayofuata yanamhusu dada yake, ambaye hakuwahi kumwona.

Miaka ya sabini nilikuwa opereta wa simu katika ghala moja la kahawa mjini Mbeya. Laini ya nje ilikuwa moja, simu za ndani nane. Mtu akipiga, mimi ndiye niliyechomeka waya kwenye tundu la anayetakiwa. Kila Jumamosi saa sita mchana nilifunga kazi, na laini ikalala hadi Jumatatu.

Mwaka mmoja mke wangu alikuwa Ipogolo, pembeni mwa mji wa Iringa, kwa dada yake aliyejifungua. Akiwa huko, mtoto wetu wa miaka miwili akashikwa na surua, wakalazwa hospitali ya Iringa. Nikaomba ruhusa, nikaambiwa nisubiri mwenzangu wa swichibodi arudi Jumatatu; kabla ya hapo nisitoke mjini ila mtoto akizidiwa. Nyumbani kwangu hakukuwa na simu. Ndipo nikapata wazo: nikifunga kazi, nisiichomoe laini ya nje. Niiache imechomekwa kwenye tundu la stoo, simu iingie huko moja kwa moja. Baba yangu mzazi ndiye aliyekuwa mtunza stoo, na Jumamosi alikaa hadi jioni. Angepokea, angekuja kuniita.

Ijumaa nikajaribu. Rafiki akapiga kutoka posta, baba akapokea: "Stoo hapa." Nilifurahi kama mtu aliyejenga daraja. Nikamtuma dereva wa basi na barua kwa mke wangu: mtoto akizidiwa piga namba ile ile, itapokelewa. Basi la mwisho linaondoka saa tisa alasiri. Nikijua kabla ya hapo, nitafika usiku huo huo.

Sikuandika nani atapokea.

Kwetu Wanyakyusa mwanamke hasemi na baba wa mume wake. Hamtazami, hapiti njia anayopita, na akiisikia sauti yake haijibu. Nimekulia ndani ya mila hiyo. Lakini siku ile niliwaza nyaya na matundu tu.

Jumamosi saa saba na nusu nesi mmoja alimwombea mke wangu simu, akamkabidhi mkono wa simu, akarudi wodini. Mke wangu akasikia: "Stoo hapa." Akanyamaza.

Mimi nilikuwa sokoni nikinunua unga na sabuni. Nilikuwa nimetulia, kwani laini nilikuwa nimeitega vizuri. Baba alinikuta huko saa kumi, amelowa jasho.

"Simu ya Iringa," alisema. "Mtu anahema tu, hasemi. Nikajua ni mkwe wangu. Nikauweka mkono wa simu mezani nikatoka kukutafuta. Nimekwenda kwako, nimekwenda kanisani."

Tulikimbia hadi stoo. Mkono wa simu ulikuwa bado juu ya meza, umelala kando ya daftari lake. Hapakuwa na mtu.

Nilipanda basi la alfajiri. Tulipopita Chimala nilijiambia watoto hupona surua kila siku. Ipogolo nikakuta watu wamekaa nje, wanawake wakiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Mtoto alikuwa amefariki alfajiri ile ile niliyopanda basi.

"Mtoto alikuita hadi usiku," mke wangu aliniambia. "Nilimsikia baba kwenye simu. Ningesemaje?"

"Ungemwita nesi."

"Nilimwita. Aliporudi, laini ilikuwa imekatika. Akapiga tena, ikawa inatumika."

Hakunilaumu siku ile, wala siku nyingine yoyote. Ila tangu hapo hakushika tena simu.

Nilipokaa kwenye swichibodi Jumatatu ya wiki iliyofuata, baada ya msiba, nikaunganisha simu ya stoo, nilimsikia baba akipokea kwa maneno mapya: "Stoo hapa. Kama ni mkwe, gonga mara mbili, nikamwite mwanangu."

Aliyepiga alikuwa karani wa reli, anauliza magunia. "Mkwe gani tena, mzee?" akacheka.

"Basi, sema shida yako," baba akajibu.

Alipokea hivyo hadi alipostaafu. Nami kila mara, kabla ya kuondoa sikio langu kwenye laini, nilisubiri kidogo nisikie kama kuna atakayegonga.