Babu Hamira Asuuza Mara Moja

Asubuhi sasa hakuna anayezisalimia chupa. Mashine inazitikisa kama kawaida, na meza ya dirishani haina mtu.

Miaka thelathini na moja fundi wa meza hiyo, mzee wa maabara waliyemwita Babu Hamira, aliajiriwa kuzishindisha seli za hamira na njaa. Seli ikinyimwa chakula hujila yenyewe: hufunga viungo vyake vilivyochakaa ndani ya vifuko, ikavipeleka kwenye kifuko kikubwa cha kumeng'enyea, na mabaki yake ikajengea vipya. Kwenye darubini huonekana vidoa vikichezacheza ndani ya kifuko hicho.

Ikafika wiki ya tatu mfululizo vidoa havionekani. Mtafiti, binti aliyekuwa akimalizia shahada kwa seli hizo, alimwangalia mzee akifanya kazi. Seli zilitakiwa kusuuzwa mara mbili, supu yote ya kuzilisha iishe. Mzee alisuuza mara moja, akafunika.

"Babu, umesuuza mara ngapi?"

"Mbili."

"Nilikuwa nakuangalia."

Mzee alikaa kwenye kiti, akapakata mikono kama mizigo ya mtu mwingine.

"Ya pili chupa zinaniponyoka, mjukuu wangu. Nikaona heri zishibe kidogo kuliko kuzimwaga."

"Ungesema."

"Niseme, mkuu anirudishe nyumbani? Nyumbani nikamnyime nani chakula?"

Binti alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Mkataba mpya wa mzee ulikuwa mezani kwa mkuu wa maabara, ukisubiri matokeo hayo ndipo utiwe sahihi. Wiki nzima binti alifika kabla ya mzee, akasuuza mara ya pili mwenyewe, akazirudisha chupa mahali pake. Mgongo ulimuuma, hakujua mzee aliubebaje wake.

Ijumaa vidoa vilionekana. Alimwita. Mzee aliinamia darubini muda mrefu, mpaka kioo kikapata ukungu.

"Nani kasuuza?"

Binti alizipanga upya chupa zilizokwisha kupangwa.

"Umefanya vizuri, ila unanipikia na kunitafunia." Alivua koti jeupe, akalitundika nyuma ya mlango. "Hata askari jela hustaafu, mjukuu wangu. Mwambie mkuu asihangaike na sahihi."

Siku hizi anakaa kwa bintiye mkubwa, chumba cha chini karibu na jiko, na huamka saa tatu asubuhi.